Ahadi ya Ngumi Tatu: Mazungumzo juu ya Mchezo wa Skull King

Napenda jioni hii tuzungumze juu ya mchezo mmoja wa karata uitwao Skull King, ambao mbunifu wake ni Mmarekani Brent Beck, na ambao tangu mwaka 2013 umechapishwa Marekani na Ujerumani kwa karata zilizopambwa picha za maharamia wa bahari, nguva, kasuku na masanduku ya hazina. Picha hizo zavutia macho, hasa macho ya vijana, walakini si kwa ajili yake nimeuleta mchezo huu mbele yenu. Nimeuleta kwa sababu umejengwa juu ya sharti moja lililo adimu katika michezo ya watu, nalo ni kwamba kila mchezaji, akiisha kuzitazama karata zake na kabla hajashusha hata moja, hutangaza mbele ya wenzake idadi ya mafungu atakayokula, kisha hukumu yake huwa juu ya tangazo lile: akipungukiwa ameshindwa, na akizidisha vile vile ameshindwa. Kwa fungu nakusudia zile karata zinazoshushwa mezani kwa zamu, moja kutoka kwa kila mtu, ambazo mwenye karata iliyozishinda nyingine huzikusanya na kuziweka mbele yake.

Michezo ya namna hii ina nasaba ndefu. Katika whist ya Waingereza, ambayo Edmond Hoyle aliitungia kitabu mwaka 1742, mtu alikula kadiri alivyoweza kula, na kila fungu la ziada lilikuwa faida tupu. Mwaka 1925, Harold Vanderbilt, tajiri wa Kimarekani, akiwa safarini katika meli iliyokuwa ikipita mfereji wa Panama, alijaribu pamoja na wenzake hesabu mpya ya bridge, ambayo ndani yake mafungu yaliyoahidiwa ndiyo pekee yanayomsogeza mtu kwenye ushindi, na hesabu hiyo ikaenea duniani. Wakaja baadaye wale walioona kwamba hata hilo halitoshi, wakataka ahadi itimizwe sawasawa bila kuzidi. Miongoni mwao ni Mkanada Ken Fisher, ambaye mwaka 1984 alitoa mchezo wa Wizard. Skull King ni ndugu yake mdogo, na kwa rai yangu ndugu huyu amemzidi mkubwa wake kwa mambo mawili, ambayo nitayataja kila moja mahali pake.

Karata zenyewe ni 70, ukiziacha kando zile chache za nyongeza. Kati ya hizo, 56 ni za namba, zimegawanyika rangi nne, na kila rangi ina karata kuanzia 1 hadi 14: kijani yenye kasuku, zambarau yenye ramani, manjano yenye sanduku la hazina, na nyeusi yenye bendera ya fuvu. Nyeusi ndiyo turufu tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho wake, haifunuliwi wala haibadiliki, na jambo hilo aliyezoea turufu za barazani kwetu yampasa alishike mapema. Zilizobaki 14 hazina namba: bendera nyeupe 5, ambazo ni dhaifu kuliko kila kitu, maharamia 5, ambao wazishinda namba zote, hata turufu, nguva 2, ambao nao wazishinda namba zote, mwanamke mmoja aitwaye Tigress, ambaye mwenye kumshusha hutamka papo hapo kama leo ni haramia au ni bendera nyeupe, na Mfalme wa Fuvu mwenyewe, mmoja tu, ambaye kwa jina lake mchezo waitwa.

Mchezo una duru 10. Katika duru ya kwanza kila mtu hupewa karata moja, katika ya pili mbili, na hivyo hivyo mpaka ya kumi. Mgawaji akiisha kuchanga na kugawa, wote huzitazama karata zao kwa siri, wakapima. Kisha kila mmoja hukunja ngumi, wakapiga meza kwa pamoja mara tatu huku wakisema yo, ho, ho, na kwa pigo la tatu kila mkono hufunua vidole kwa idadi ya mafungu ambayo mwenye mkono ameahidi kuyala. Ngumi isiyofunuliwa ni ahadi ya kutokula kitu. Hili ndilo jambo la kwanza kati ya yale mawili. Katika Wizard watu hutamka mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo wa mwisho husema akiwa ameshayasikia ya wenzake, akarekebisha lake kwa kuyatazama. Katika Skull King wote hufunua kwa mpigo, wala hapana wa kumtegea mwenzake. Ahadi ya kila mtu hutoka katika kifua chake mwenyewe, naye hubaki nayo.

Vidole vikiisha kufunuliwa, mchezaji mwenye busara hufanya jambo moja kabla ya lolote: huzijumlisha ahadi zote. Jumla ikizidi idadi ya mafungu ya duru ile, ajua kwamba pana njaa mezani, watu watanyang'anyana, na kuna ambao hawatatosheka. Jumla ikipungua, ajua kwamba kuna mafungu yasiyo na mwenyewe, yatakayosukumwa huku na huku kwa kuwa hapana anayeyataka, na kwamba karata ndogo ambayo siku nyingine haina maana yaweza leo kumwangukia mtu fungu la balaa. Nimeona watu wakicheza muda mrefu bila kuifanya hesabu hii fupi, na kila mara hulaumu bahati kwa jambo ambalo vidole vya wenzao vilikuwa vimekwisha waeleza.

Anayeanza ni aliye kushoto kwa mgawaji, na baada yake huanza aliyekula fungu lililopita. Rangi ya karata ya kwanza lazima ifuatwe na kila mwenye rangi hiyo. Asiye nayo hushusha atakayo, ikiwa turufu ya kula au karata ya kutupa. Lakini zile karata zisizo na namba haziko chini ya amri hii: mtu aweza kumshusha haramia au bendera nyeupe wakati wowote, hata kama rangi inayotakiwa anayo mkononi. Fungu likianzwa na bendera nyeupe, rangi huwekwa na karata ya namba itakayofuata. Likianzwa na haramia, nguva au Mfalme, hapana rangi ya kufuata, kila mtu yu huru. Maharamia wawili wakikutana katika fungu moja, aliyetangulia ndiye mshindi.

Juu ya hayo pana mviringo wa nguva, haramia na Mfalme, nao ndio jambo la pili ninalolisifu. Mfalme humshinda haramia, haramia humshinda nguva, na nguva humshinda Mfalme. Na ikitukia wote watatu wakakutana katika fungu moja, nguva ndiye mshindi, kwa zamu yoyote atakayokuwa ameshushwa. Kwa hiyo hapana karata ambayo mtu akiishika huweza kulala usingizi. Aliyeshika Mfalme hujiuliza walipo nguva, aliyeshika nguva hujiuliza walipo maharamia, na aghalabu jibu ni kwamba wako katika rundo lisilogawiwa. Kwani wakiwa wachezaji wanne, katika duru ya tano hugawiwa karata 20 tu, na 50 hubaki zimelala.

Sasa hesabu. Aliyeahidi fungu moja au zaidi akatimiza sawasawa hupewa pointi 20 kwa kila fungu. Akikosea, kwa kuzidi au kwa kupungua, hapewi kitu kwa yale aliyokula, naye hutolewa pointi 10 kwa kila fungu la tofauti. Aliyeahidi sifuri akatimiza hupewa pointi 10 mara idadi ya karata za duru ile. Akila hata fungu moja, hutolewa kiasi kile kile. Kuna na thawabu za ziada: 10 kwa kila karata ya 14 uliyokula, au 20 ikiwa ni 14 nyeusi, 20 kwa kila nguva aliyenaswa na haramia wako, 30 kwa kila haramia aliyenaswa na Mfalme wako, na 40 kwa nguva wako aliyemnasa Mfalme, ingawa matoleo ya zamani yalitoa 50. Thawabu hizi zote haziwi ila kwa aliyetimiza ahadi yake. Aliyemnasa Mfalme mwenyewe ilhali ahadi yake imevunjika, hana alichopata.

Tulitazame fungu moja moja, maana mchezo haueleweki kwa kuhadithiwa kanuni peke yake. Tuseme ni duru ya tano, na mezani yupo kijana mpwa, anayeanza, kisha shangazi, kisha mjomba, kisha wewe msikilizaji. Mkononi mwako mna manjano 13, nyeusi 3, kijani 6, bendera nyeupe moja na nguva mmoja. Unapima: manjano 13 yaelekea kula, kwa kuwa inayoizidi kwa rangi ni moja tu, nguva naye yaelekea atakula, kijani 6 ni ya kati, bendera haili, na nyeusi 3 ni turufu, lakini ni turufu ya mwisho mwisho. Unaahidi 2. Vidole vinafunuliwa: mpwa 3, shangazi ngumi tupu, mjomba 2, wewe 2. Jumla ni 7 na mafungu ni 5. Basi pana njaa.

Mpwa anaanza kwa manjano 9, shangazi anashusha manjano 4, mjomba manjano 11, nawe wa mwisho, ukiiona njia nyeupe, unashusha manjano 13 na kula fungu la kwanza. Sasa ni juu yako kuanza. Unashusha kijani 6 ili uondokane nayo. Mpwa anaweka kijani 12 kwa furaha, shangazi anaweka kijani 2, lakini mjomba hana kijani, anashusha nyeusi 5, na furaha ya mpwa inakwisha hapo. Mjomba anaanza fungu la tatu kwa zambarau 10, rangi ambayo wewe huna. Hapa ndipo pa kufikiri. Umebakiwa na nyeusi 3, bendera na nguva, nawe wahitaji fungu moja tu. Ukishusha nyeusi 3 ikala, utakuwa umetimiza, lakini utabaki na nguva mkononi ambaye ni tabu kumzuia asile, akakuharibia kwa fungu la tatu. Ukitupa bendera, utabaki na karata mbili zinazoweza kula, na kinga huna tena. Mchezaji wa tamaa huuliza ni ipi itakayokula; mchezaji wa mchezo huu yampasa kuuliza ni wakati gani kila moja yaweza kufa bila madhara. Mpwa hajala kitu na ameahidi mafungu matatu, naye yuko nyuma yako. Hana budi kugombania fungu hili. Unashusha nyeusi 3, na kama ulivyotaraji anaipiga kwa haramia. Shangazi anafuata kwa zambarau 7.

Fungu la nne mpwa analianza kwa Mfalme wa Fuvu, akiamini hakuna wa kumgusa. Kwa kuwa hapana rangi ya kufuata, shangazi, ambaye tangu mwanzo alikuwa na nyeusi 12 mkononi na bado akaahidi sifuri, anaitupa turufu hiyo kubwa chini ya Mfalme na kupumua. Mjomba anatupa zambarau 3. Nawe unamshusha nguva. Fungu ni lako, Mfalme amenaswa, ahadi yako imetimia. La tano unalianza kwa bendera nyeupe. Mpwa anashusha nyeusi 11, shangazi manjano 1, mjomba analazimika kufuata kwa nyeusi 8, na mpwa anakula. Hesabu yasema hivi: wewe pointi 40 za mafungu na 40 za nguva, jumla 80, shangazi, aliyemaliza bila fungu hata moja, pointi 50, mpwa, aliyekula 2 badala ya 3, ametolewa 10, mjomba, aliyekula 1 badala ya 2, ametolewa 10.

Mtazameni shangazi huyo, kwani ndani yake ndimo ulimo uzuri wa mchezo huu. Hakupewa karata dhaifu. Alipewa nyeusi 12, ambayo katika mchezo mwingine wowote angeifurahia, naye akaona kwamba atapata pa kuitupa. Kuahidi sifuri katika duru ya kwanza ni jambo jepesi na malipo yake ni pointi 10 tu, lakini katika duru ya tisa yana thamani ya 90, na kuvunjika kwake ni hasara ya 90 hata kama umekula fungu moja la bahati mbaya. Kwa hiyo ahadi ya kutokula haitegemei unyonge wa karata, yategemea ustadi wa kuzitupa kubwa chini ya zilizo kubwa zaidi, kuziacha rangi zako zipungue upate uhuru wa kutofuata, na kuitunza bendera nyeupe kwa fungu ambalo huna njia nyingine ya kulikwepa. Hadhari moja: bendera zikishushwa na wote, aliyetangulia kuishusha ndiye mwenye kula fungu, na wengi wameanguka hapo wakidhani wako salama. Watu wa kale waliisifu kinaa kwa mashairi na mawaidha. Mimi sijaona mchezo mwingine wa karata uliompa mwenye kinaa malipo ya wazi namna hii, ukampa mwenye pupa hasara kwa kila alichojilimbikizia juu ya haki yake.

Yastaajabisha kwamba somo hili limevishwa mavazi ya maharamia, watu ambao pupa ndiyo iliyokuwa kazi yao, na wala sipendi wasikilizaji wetu wa pwani wawachukulie kuwa watu wa kuchezewa tu. Mwaka 1695 Henry Every na wenzake waliivamia katika Bahari hii ya Hindi merikebu Ganj-i-Sawai, mali ya Sultani Aurangzeb wa India, iliyokuwa imewachukua mahujaji waliotoka Makka, wakawatesa abiria kwa siku kadhaa na kuchukua dhahabu na fedha nyingi. Na kisiwa cha Sainte-Marie, ubavuni mwa Bukini, kilikuwa maskani ya watu wa namna yao. Lakini hata wao walijua kwamba karata zina hatari. Bartholomew Roberts wa Wales, aliyeuawa mwaka 1722 karibu na rasi ya Lopez huko Gabon, alikuwa na masharti ambayo mabaharia wake waliyakubali, na ambayo yamehifadhiwa katika kitabu juu ya maharamia kilichochapwa London mwaka 1724. Kati ya masharti hayo limo katazo la kucheza karata au dadu kwa fedha, na jingine la kuzima taa na mishumaa saa mbili usiku. Haramia aliyeteka mamia ya vyombo aliona ni lazima kuwazuia watu wake wasile mali ya wenzao mezani. Nami, kwa sababu zilizo bora kuliko zake, nawasihi watakaoucheza mchezo huu waucheze kwa pointi peke yake.

Matoleo ya sasa yana karata za nyongeza. Kraken, pweza wa kutisha wa mabaharia wa kaskazini, huliharibu fungu zima likawa si la mtu; nyangumi mweupe hubatilisha zote zisizo na namba, na fungu likaliwa na namba kubwa kuliko zote bila kujali rangi; na karata mbili za ngawira huwafunga watu wawili mapatano ya pointi 20 kila mmoja, endapo wote wawili watatimiza. Hizo naziafiki, baada ya watu kuuzoea mchezo. Kuna vile vile kanuni ya kuwapa maharamia watano uwezo wa namna mbalimbali, na mmoja wao, Harry the Giant, humruhusu aliyekula fungu kwa karata yake kuongeza au kupunguza moja katika ahadi yake. Huyo mimi namwacha sandukuni. Mchezo wote umesimama juu ya neno lililokwisha tolewa mbele ya watu, na anayeruhusiwa kulirudi neno lake katikati ya duru ameondolewa mzigo ambao ndio utamu wenyewe.

Asiyeweza kuzipata karata hizi aweza kuucheza mwili wa mchezo kwa karata 52 za kawaida. Na iwe shupaza ndiyo turufu ya kudumu, ree iwe juu ya mfalme, na hesabu ya pointi 20, ya pointi 10 na ya sifuri ibaki kama nilivyoieleza. Achaguliwe mmoja awe karani, mwenye karatasi iliyopigwa mistari 10, na kila duru aandike ahadi za wote kabla karata ya kwanza haijashushwa, kwa maana kumbukumbu za watu hubadilika upesi fungu la ziada linapowaangukia. Wachezaji wanne wataweza duru zote 10 kwa karata 40, na watano kwa karata 50. Wakiwa sita, waishie duru ya 8, kwa kuwa ya 9 ingetaka karata 54.